Kimo cha Shamba la Kiogora

Gatakaa, uko? Nimejiaibisha leo. Mbele ya wazee wote wa ukoo.

Si unajua tulikuwa tunagawa shamba ya baba hapa Nkubu, kila mtu mita 1200 za mraba. Yangu ni mstatili. Ya Kiogora ni pembetatu, so nikapima na tepu: kitako 60, ubavu 50. Nusu ya 60 mara 50 ni 1500!

Nikasimama nikamwita mwizi. Ndugu yangu wa tumbo moja. MWIZI.

Hakukasirika hata. Akaniuliza pole pole, "Mwalimu, kimo cha pembetatu kinapimwa kwa ubavu?"

Kimo! Kinashuka wima kutoka kona ya juu mpaka kwa kitako. Tulipima tena, ni 40. Nusu ya 60 mara 40 ni 1200 kamili. Na mimi nafundisha hesabu miaka tisa!

Hakuna mtu alinicheka. Afadhali wangecheka. Walibeba viti wakaenda kunywa uji kwa Kiogora, hakuna aliyeniita. Niko hapa kwa shamba, katikati ya majani chai, na tepu yangu.

Na unajua ni nani alimfundisha hiyo fomula akiwa darasa la saba? Ni mimi. Tulichora na kijiti, kwa huu huu mchanga.