Mtani Asitolewe Kaburini

Ndola, Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025

Kwa kaka yangu Shomari,

Shikamoo kaka. Natumaini goti limepoa na baridi hii ya Juni haijalichokoza tena, na kwamba wifi amepata miwani aliyoahidiwa. Je, machungwa ya upande wa mtoni yameanza kuiva? Huku Zambia ninayala, lakini ni makavu, mtu anayatafuna kama sponji. Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani. Tunashona sare za shule, na muhula ukikaribia tajiri hatuachii hata kidogo.

Uliniambia kwamba jambo la marehemu halizungumzwi kwa simu, niandike barua, kisha isomwe Jumapili wazee wa ukoo wakikaa hapo kwako Mkuyuni. Basi nimeandika. Naipa mama mmoja wa Kihonda aliyeleta vitenge huku na sasa anarudi kwa basi. Kwetu mtoto ni wa mama na wa mjomba, na neno la mwisho juu ya alichokiacha Idrisa ni lako. Silipingi. Ninaomba tu barua isomwe mpaka chini kabla hujalitamka.

Kwa wazee wasiojua, mwanangu Idrisa alitengeneza mchezo wa kompyuta, wa kutisha. Aliutengeneza kwenye kile chumba alichopanga Kihonda, akisaidiana na Neema, binti aliyechora picha zake. Anayecheza anakuwa mtu anayepanda mlima jioni, kutoka barabarani kwenda kwao, na ukungu umeshuka kwenye migomba. Kuna kitu kinamfuata asichokiona. Ile mvua inayosikika ni mvua ya kwenye bati lako, kaka. Alikuja akaiweka kwenye simu, na wewe ukamuuliza kama mvua imeisha mjini.

Mwishoni mtu anafika kwao na kukuta kaburi limechimbwa, na ndani yake amelala mtani anayecheka. Hatoki. Ukikimbia, ukungu unakumeza. Ukimbembeleza, anazidi kujinyoosha. Anatoka ukimrudishia utani tu, ndipo njia ya nyumbani inafunguka. Sauti ile ni ya Mzee Pazi, mtani wetu mwenyewe, ambaye Idrisa alimwita chumbani akamwekea simu mdomoni.

Mchezo huu ni wa bure. Idrisa aliuweka kwenye ukurasa wake mdogo mtandaoni, anayeujua anauchukua. Nilimuuliza kwa nini hauuzi. Akanijibu, “Mama, mtu nimtishe, halafu nimdai?” Ndivyo alivyokuwa, na wala hakuwa jasiri. Mnakumbuka alipokuwa mdogo, kwenda chooni mpaka aimbe njia nzima, ili tujue bado yupo.

Sasa kuna mtu, hatujui ni wa nchi gani, ameunakili mchezo mzima akauweka mahali pengine kwa jina lake. Watu wanampongeza kila siku. Neema amemwandikia mara nyingi, hajibu. Ndiyo maana Neema anataka kuupeleka kwenye lile duka kubwa la michezo la mtandaoni, ambako wachezaji wa dunia nzima wanakutana. Ubaki bure vilevile, lakini uwe na jina la Idrisa mahali ambapo kila mtu ataliona. Amekataa kuupeleka bila ruhusa yetu, na kwa hilo namheshimu.

Wewe ulikataa, kaka, na sababu yako ninaijua. Ulionyeshwa ile video ya kijana wa mbali akicheza mchezo huku akipiga kelele kwamba lile ni shetani la Kiafrika linalokula maiti. Ukaniambia, “Asia, watatuona watu gani? Watu wa kuwacheka wafu?” Kisha ukamwambia Neema, kama ni lazima uende huko, basi kwanza amtoe mtani kaburini.

Sikukujibu siku ile kwa sababu na mimi nilikuwa upande wako. Duka lile naliona kama soko siku ya gulio, mtu anatupa neno lake na kupita. Ukurasa wake mdogo ulikuwa kama kibaraza, anayefika anapiga hodi. Halafu Idrisa mwenyewe hakuwa ameamua. Neema alimuuliza wakati bado ana nguvu, akasema, “Siku nikiwa tayari kutukanwa na dunia nzima nitaupeleka.” Figo zikamchukua kabla siku hiyo haijafika. Kwa hiyo siwezi kuwaambia wazee kwamba marehemu alitaka hivi au vile. Ningesema hivyo ningekuwa mwongo.

Lakini yametokea mambo mawili huku, nataka myasikie.

Hapa kazini yupo mkata vitambaa, mama wa makamo, tunamwita Ba Chanda, hiyo Ba ni ya heshima. Ni Mbemba, ila amekulia Nakonde mpakani, kwa hiyo Kiswahili anacho, kina matuta lakini kinafika. Tajiri ana kompyuta ya kutengenezea nembo za sare, na saa ya chakula anaturuhusu kuitumia. Siku moja nilimwonyesha Ba Chanda kazi ya mwanangu. Akavuta kiti, akaanza kupanda ule mlima, sima yake ikapoa mezani.

Njia nzima alikuwa analalamika. “Mama Idrisa, mtoto wako alinichukia nini?” Mara anafumba jicho moja, mara ananishika mkono. Alipofika kaburini sikumdokezea kitu, nione. Mzee Pazi akaanza yake: “Shimo gani hili, fupi kama kitanda cha bwenini! Hafukiwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo!”

Ba Chanda akatoa mikono kwenye mashine. Nikajua sasa anakimbia.

Akacheka mpaka mafundi wa nyuma wakasimama. “Huyu Mngoni!” akasema. “Mama Idrisa, huyu Mngoni kabisa!”

Nikamwambia si Mngoni, ni mtani wetu wa Morogoro.

“Wewe unamwita jina lako. Sisi Wabemba, tukifiwa, Wangoni wanakuja hivihivi. Wanatuharibia kilio chote. Mmoja alikaa juu ya jeneza la baba yangu, anadai bia.” Kisha akaigeukia kompyuta, akamwambia Mzee Pazi, “Toka huko, kichwa kama kibuyu! Hata mchwa hawakutaki!” Akachagua jibu la utani, Mzee Pazi akatoka, njia ikafunguka. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Kaka, yule wa kwenye video aliona shetani kwa sababu hajawahi kuzikiwa kwa utani. Ba Chanda aliona msiba wa baba yake. Wote wawili watakuwepo kwenye lile duka. Siwezi kukuahidi kwamba wa kwanza hatakuja, atakuja tu, tena na wenzake. Lakini tukifunga mlango kwa ajili yake, tunamfungia na huyu mwingine.

Jambo la pili ni zito kwangu.

Alhamisi iliyopita Neema alinitumia mchezo aliourekebisha kama ulivyoagiza, mtani ametolewa. Alikuwa na adabu, akaniambia, “Mama, angalia kwanza, halafu mjomba ataamua.” Nilisubiri wenzangu watoke, nikaucheza mwenyewe. Mimi si mchezaji, vidole vyangu vimezoea sindano, nilichelewa sana kwenye migomba. Nikafika juu. Kaburi lipo, limechimbwa. Ndani hamna mtu. Hakuna anayecheka, hakuna anayedai jogoo, mvua tu juu ya bati. Nikasogea, njia ikafunguka yenyewe, nikapita.

Niliondoa mkono kwenye ile kompyuta, nikaizima.

Mnajua mimi sikumzika Idrisa. Alifariki asubuhi, kwa desturi ya dini akazikwa alasiri, na mimi wakati huo nilikuwa bado natafuta nafasi kwenye basi la kwenda Tunduma. Nilipofika nyumbani, udongo ulikuwa umeshakauka juu. Mlinipokea vizuri, silalamiki. Aliyenieleza maziko yalivyokuwa ni Mzee Pazi. Alikuja kukaa kwenye mkeka karibu yangu, akaniambia aliingia kaburini akajilaza, akakodoa macho kama Idrisa mbele ya kompyuta, akasema, “Subirini kwanza, mchezo unapakia!” Akaniambia watu waliokuwa wanalia wakapasuka kwa kicheko, na wewe kaka ukiwa wa kwanza. Ukampa huyo jogoo wake huku machozi yanakutoka, akatoka, na mtoto akaingia.

Mimi sikuyaona hayo. Nina simulizi ya Mzee Pazi, na nina ule mchezo. Pale mwishoni ndipo mahali pekee ambapo nimewahi kusimama kwenye ukingo wa kaburi nikamsikia mtani wetu amelala ndani, anatukana, anakataa maiti ilale peke yake. Mwanangu aliyatengeneza hayo akiwa mzima, kabla hajajua kwamba mama yake atayahitaji. Ukimtoa mtani, linabaki shimo. Hilo ndilo linalotisha, kaka. Lile lenye mtani ni la kwetu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, nalisema mbele ya wazee wote. Mchezo uende kwenye duka lile, kwa jina la Idrisa, bure kama alivyotaka, na mtani awe ndani. Neema asisubiri tena, kila wiki yule mwizi anazidi kuwazoesha watu jina lake. Wewe mwenyewe uandike maneno machache juu ya utani wetu, kwa sababu unaujua kuliko sisi, Neema ayaweke mwishoni, mtu akishafika nyumbani. Anayetaka kuelewa atasoma.

Na kama wazee watakataa, nitanyamaza, uamuzi ni wenu. Ila katika kukataa huko mchezo usikatwe. Bora ukae pale pale padogo alipouacha, mwizi aendelee kupongezwa, kuliko uende kwa watu wengi ukiwa umemwacha marehemu hana mtani. Ile nakala ya Alhamisi nimemwomba Neema aifute. Ameniambia anasubiri neno lako. Mwambie aifute.

Najua nimesema kwa ukali kidogo. Mnisamehe, sikupata namna nyingine.

Nisalimie wifi, mwambie kitenge chake nimekikata na mabega nimeyapunguza kama alivyotaka. Nisalimie shangazi mkubwa, na wanao wote, hasa yule wa mwisho anayejifunza useremala. Mzee Pazi mwambie nimesikia amepata baiskeli mpya, na kwamba sisi tunajua mwenye baiskeli ni nani. Neema mpeni chakula Jumapili akija, msimwache akae barazani kama mgeni.

Nami naomba mnikumbuke.

Dada yako,
Asia