Waziri Mkuu Tuliyemzika Loresho

Barabara ya Ngong, Nairobi
Julai 1958

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kabla ya neno lolote nakusalimu wewe na Mama na nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi ya kule bondeni, yalisimama tena baada ya ile mvua ya mawe? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya hapa mwezi huu inaingia mpaka mifupani, lakini unga wa wimbi aliouleta shemeji ulifika salama, na kila asubuhi nikinywa uji nasema, haya, Mama yuko hapa.

Baba, leo nataka kukueleza habari za msiba. Usishtuke, si wa mtu wa nyumbani. Ni msiba uliompata tajiri wangu wa kazini, nami nilishiriki, na nilichofanya nilikifanya kwa sababu yako.

Tajiri wangu ni yule fundi seremala niliyekutajia, Bwana Feri. Ni mzungu lakini si Mwingereza. Kwao ni nchi iitwayo Hungaria, ambayo Warusi wameikalia tangu vita viishe. Aliikimbia kwa miguu wakati wa theluji, mwaka juzi vifaru vilipoingia mjini kwao, na alifika hapa Nairobi hana kitu ila mikono yake na koti alilovaa. Kiingereza chake kinachechemea na Kiswahili chake kinachechemea, kwa hiyo tunasikilizana vizuri. Ni yeye aliyenifundisha kuunganisha mbao bila msumari. Makabati ninayotengeneza sasa yanaingia katika nyumba za wakubwa, na akiulizwa ni kazi ya nani, hutaja jina langu.

Karakanani tuko watatu. Wa tatu ni Njoroge, Mkikuyu wa Kinoo, ambaye alikuwa seremala kabla sijashika msumeno. Serikali ilimfunga kambini miaka kadhaa kwa ajili ya haya mambo ya Hali ya Hatari. Alipoachiliwa alizunguka mji mzima akitafuta kazi, na kila tajiri akikiona kipande chake, ile karatasi ya serikali iliyoonyesha alikotoka, alifunga mlango. Bwana Feri alimwandika kazi siku ileile. Mteja mmoja akamwambia mbele yetu kwamba anafuga nyoka nyumbani, naye akaendelea kupiga randa kama hakusikia. Nilipomwuliza baadaye kwa nini alimchukua, akanijibu, "Elisha, ndugu yangu pia nafungwa kambi. Iko waziri moja nafungua kambi. Ndugu yangu narudi nyumbani, nakula mkate. Basi."

Sikujua ni waziri gani. Nilikuja kujua mwezi uliopita.

Duka la Mhindi jirani yetu lina redio, na Bwana Feri hupenda kwenda kusikiliza habari mchana. Siku hiyo alirudi upesi. Alivua aproni, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya meza ya kazi. Njoroge akamwuliza kama anaumwa.

"Wananyonga yeye," akasema. "Waziri mkuu yetu. Redio nasema kwisha."

Kisha akakaa juu ya rundo la mbao akatueleza maisha ya mtu huyo, na mimi nakuandikia kama nilivyoelewa, kwa maana wewe ni mkulima na utayaelewa kuliko mimi.

Alizaliwa katika nyumba ya watu wa chini, na ujanani alijifunza kazi ya vyuma. Katika vita vile vya kwanza, ambamo Babu alibebeshwa mizigo mpaka Tanganyika, yeye alikuwa askari, akatekwa na Warusi, na huko kwao akaingia katika chama cha Wakomunisti. Baada ya vita vya pili alirudi nyumbani akafanywa waziri wa kilimo. Wakati huo mashamba mazuri yalikuwa ya mabwana wakubwa, na baba yake Bwana Feri alikuwa kibarua wa mmoja wao. Waziri huyo akayakata mashamba, akawapa watu waliokuwa wakiyalima. Bwana Feri anakumbuka baba yake akipiga vigingi kuzunguka sehemu yake, halafu akalala kifudifudi juu ya udongo, mtu mzima, mbele ya watoto wake.

Lakini chama kikageuka. Wakubwa wengine wakalazimisha mashamba yarudishwe yawe ya pamoja, na waliokataa wakafungwa. Ndipo ndugu yake Bwana Feri akachukuliwa. Halafu mambo yakageuka tena, na yule waziri wa kilimo akawa waziri mkuu. Akafungua makambi, wafungwa wakarudi makwao, na mkulima aliyetaka kujitoa katika shamba la pamoja akaachwa ajitoe. Hawakumwacha akae. Wakamtoa kwenye kiti, wakamfukuza hata chamani. Watu walipoinuka mwaka juzi walimwita arudi, naye akarudi, akatawala siku chache tu. Alisema nchi yake inataka kusimama kwa miguu yake. Vifaru vikaingia alfajiri. Yeye akakimbilia ubalozi wa nchi nyingine, akaahidiwa kwamba akitoka hataguswa. Alipotoka wakamkamata.

Nikamwuliza, "Lakini, Bwana, na yeye si alikuwa Mkomunisti?"

"Ndiyo, Mkomunisti," akasema. "Mimi hapana penda Wakomunisti, Elisha. Lakini huyu napa baba yangu shamba."

Siku zilizofuata alikuja kazini lakini hakufanya kazi. Chai ilikuwa inapoa mbele yake. Nikamwambia kwamba hata kwetu mtu akifa watu hukaa, hawakimbilii jembe. Akaniambia kinachomuua ni kwamba wameificha hata maiti yake. "Hapana kaburi. Mimi nalia wapi?"

Hapo, Baba, nikamkumbuka Baba Mdogo. Nikamweleza Bwana Feri jinsi ndugu yako alivyokwenda vitani Burma, na habari ikaja kwamba amekufa na hapana wa kumrudisha. Nikamweleza jinsi ulivyokata mgomba, ukauvika shati lake la Jumapili, ukaamuru kaburi lichimbwe, na watu wote wakalia kama amelala pale. Wengine walisema watoto wasikaribie, lakini wewe ulinishika mkono ukanisogeza mpaka ukingoni.

Bwana Feri alisikiliza sana. "Ninyi nazika ndizi?"

"Tunamzika mtu," nikamwambia. "Mgomba unashika nafasi yake tu."

Njoroge alikuwa akinoa msumeno. Akasema, "Kwetu desturi hiyo hatuna. Lakini mama yangu ana migomba."

Tulipobaki wawili nilimwambia Njoroge asijitie katika jambo hilo. Wewe unajua, Baba, siku hizi watu wa kwao hawaruhusiwi kukutana ovyo, na neno Ukomunisti likitajwa karibu na kipande kama chake, atarudi alikotoka. Akaacha kunoa akanitazama.

"Elisha, mtu yule alifungua kambi. Mimi nimelala kambini nikiomba Mungu atokee mtu wa namna hiyo. Sasa ametokea, amekufa, na unaniambia nisimzike?"

Nikamshikia msumeno aendelee kunoa.

Jumapili mchana tukakutana Loresho, ambako Bwana Feri amepanga nyumba ndogo pembeni mwa shamba la kahawa. Njoroge alikuja na mgomba umefungwa juu ya baiskeli. Tulichimba karibu na ua, nikapima kina kwa mpini wa jembe kama ulivyofanya. Bwana Feri akaingia ndani akatoka na lile koti zito alilovukia theluji. Nikamwambia shati linatosha. Akatikisa kichwa, akauvika mgomba koti lake na kufunga vifungo vyote.

Niliomba kwa Kiswahili. Bwana Feri akaimba wimbo wa nchi yao, sauti ikamkatika katikati, akasimama tu mikono ikining'inia. Tukamngoja mpaka akamaliza. Njoroge akatia udongo wa kwanza, akasema, "Mzee, sikukujua. Asante kwa lango ulilofungua." Halafu Bwana Feri akalia, Baba, kilio cha kweli, na nilifurahi kukisikia, kwa sababu mtu aliyelia ataweza kula.

Tulipoinua macho tukamwona msimamizi wa shamba la kahawa kando ya njia, amesimama na mbwa wake. Hakutuuliza kitu. Akaondoka.

Jumanne inspekta wa polisi akaingia karakanani na askari wawili. Hakusalimia. Alimwendea Njoroge moja kwa moja akadai kipande.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Loresho, bwana."

"Kufanya nini?"

"Kuzika."

"Kuzika nani?"

Nikasogea nikasema, "Tulimzika waziri mkuu wa Hungaria, bwana."

Inspekta alinitazama kana kwamba nimekunywa pombe asubuhi. Nikamweleza yote, nchi, redio, mgomba, na Baba Mdogo aliyekufa katika jeshi lao Waingereza. Bwana Feri akaja kutoka nyuma, mikono imejaa gundi, akasimama kando ya Njoroge, bega kwa bega.

"Huyo waziri wenu alikuwa Mkomunisti," inspekta akasema.

"Ndiyo," Bwana Feri akajibu. "Na hao nanyonga yeye, Wakomunisti pia. Yeye nafungua kambi, natoa watu. Hiyo ndiyo makosa yake."

Inspekta alikitazama kipande, akamtazama Njoroge, akakitazama kipande tena. Nilikuwa naomba moyoni. Mwishowe akakirudisha. "Siku nyingine ombeni ruhusa kwanza," akasema, wakatoka.

Njoroge aliketi chini palepale kwenye unga wa mbao. Akasema tangu akamatwe, hiyo ilikuwa mara ya kwanza serikali kumwuliza neno na kumwacha arudi kwenye kazi yake. Bwana Feri akamletea maji ya kunywa mwenyewe, kwa mikono yake ya gundi.

Sasa ni siku kadhaa. Tajiri wangu anakula, na jana alimgombeza Njoroge kwa kukata ubao vibaya, tukajua amepona. Mimi nakaa nikifikiri, Baba. Mtu nisiyemjua aliamua jambo jema katika nchi ambayo sitaiona kamwe, na kwa ajili hiyo Njoroge alipata kazi nami nikapata rafiki. Yeye mwenyewe alilipwa kamba. Namshukuru, na ninakushukuru wewe uliyenisogeza mpaka ukingoni mwa kaburi, maana bila hivyo ningemtazama Bwana Feri akilia nisijue la kufanya.

Mke wangu Dorika mwambie nitakuja kabla ya mavuno, na kitanda cha mtoto nimekianza. Msalimie Mama kwa mikono yote miwili, na dada yangu Rasoa, na mwalimu wa shule akikusomea haya mpe asante yangu.

Na Mama Mdogo Rebeka usimsalimie juu juu, mkalishe kwanza. Mwambie siku ile pale Loresho, udongo ulipokwisha kusawazishwa, Bwana Feri aliniuliza jina la mume wake, yule wa Burma. Nikamwambia, Andrea. Akapiga magoti akamwombea, akimtaja kwa namna ya kwao, Andrash, Andrash, na Njoroge akaitikia amina.

Ni mimi mwana wako ninayekuombea goti,
Elisha