Nukta Sita

Chuoni, Shinyanga
9 Februari 2025

Kwa Shangazi Euphrasia,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Oktoba. Sikuumwa, wala sikukosa karatasi. Nilikosa namna ya kuandika jambo ambalo ungelisoma na bado ukaniita mwanao. Natumaini magoti yana nafuu, na mvua zimekufikia huko Buseresere. Sikio la kushoto linaendeleaje? Najua simu huisikii tena. Hata kama ungeisikia, hili nisingeweza kulisema kwa sauti.

Unakumbuka kwamba mwaka jana tulipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Mimi nilipangiwa kituo cha afya upande wa Bugarama. Tarehe 14 Novemba, zamu ya mchana, tulikuwa wawili katika wodi ya wazazi: mimi na Sista Rhoda, muuguzi aliyekuwa akinisimamia. Saa saba aliondoka na gari la wagonjwa kumsindikiza mama aliyepewa rufaa. Nilibaki na wajawazito watatu na mzazi mmoja aliyekuwa akivuja damu. Huyo wa damu sikuweza kumwacha hadi saa kumi.

Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa Generosa, mke wa mchimbaji, mimba ya kwanza. Moyo wa mtoto wake niliusikiliza saa saba. Sikurudi. Aliniita mara mbili, nikamjibu, "Subiri dada, nakuja." Mtoto alizaliwa saa kumi na robo akiwa amekufa.

Sista Rhoda aliporudi aliona chati ya uchungu ya Generosa ina pengo la saa tatu. Aliniambia, "Jaza. Karatasi yenye mapengo ndiyo inayofunga watu." Nilijikuta nimejaza. Kila nusu saa nukta moja ya mapigo ya moyo wa mtoto. Nukta sita, zote nzuri.

Siku alipopokelewa, Generosa aliulizwa kama amekunywa dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu, akasema ndiyo. Basi kikao kilichopitia kifo kile kiliona moyo mzima hadi dakika za mwisho, kikaona na dawa, kikaandika kwamba mtoto ameuawa na dawa. Sasa kliniki wajawazito wanafundishwa kwa mfano wake. "Mnamkumbuka yule wa Novemba?"

Mtihani wa mwisho ni Julai. Nikishaufaulu nitakwenda kwenye mtihani wa Baraza la Uuguzi, kisha usajili. Sijamweleza mtu mwingine yeyote.

Mwanao,
Mbuke


Buseresere
21 Februari 2025

Mwanangu Mbuke,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia husikia mtu akiniinamia na kupaza sauti, na siku hizi hakuna anayeniinamia. Mahindi yamestawi. Hapa nyumbani hapajabadilika kitu, isipokuwa paka amehamia kwa jirani.

Umeandika, "Nilijikuta nimejaza." Hakuna mtu anayejikuta amejaza. Kuna mtu anayejaza. Irekebishe sentensi hiyo kichwani mwako kabla hujaendelea kusoma.

Kumwacha mmoja kwa ajili ya anayevuja damu si kosa. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Kosa lako limeanzia kwenye kalamu. Pengo lile lilikuwa na ushuhuda wake: lilisema kwamba saa hizo palikuwa na mikono miwili na akina mama wanne. Wakubwa wangelazimika kulisoma na kuulizana. Wewe umeliziba, na ulichozibia ni jina la mwanamke mwingine.

Saa niliyokupa, ile ya kubana kifuani, ilikuwa wapi mchana ule? Niliivaa miaka thelathini na moja nikiwa muuguzi wa cheti. Nafasi ya kusomea usajili sikuipata. Nilikupa wewe ili ifike nisikofika.

Umeandika kurasa mbili kuhusu hofu yako. Kuhusu Generosa baada ya siku ile hukuandika hata mstari. Yuko wapi?

Shangazi yako,
Euphrasia


Chuoni, Shinyanga
3 Machi 2025

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi, imekunjwa vizuri kama kawaida yako. Mimi mzima wa mwili.

Saa ilikuwa kifuani, na ilikuwa ikitembea. Umenijibu kama mtahiniwa, Shangazi. Nilitaka nijibiwe kama mtoto.

Umeuliza kuhusu Generosa. Desemba wakwe zake walimrudisha kwao Nyarugusu. Walisema ameua mtoto wao kwa mizizi ya kwao, kwa kuwa dawa ile aliletewa na mama yake mzazi. Mumewe anaitwa Januari. Sikumsikia akisema neno. Mama mkwe alikuja kituoni na jogoo, akasema ni wa kutushukuru kwa kusema ukweli. Sista Rhoda alimpokea. Mimi nilimnyonyoa. Nilimla pia, nisiseme kwamba nilijikuta nimemla.

Nifanye nini? Kitabu changu cha mazoezi ya vitendo bado kiko kwa Sista Rhoda, na bila saini yake kwenye kila kazi niliyoifanya, siruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Nilipokwenda kukidai aliniuliza, "Una jambo la kuniambia?" Nikasema sina. Akasema, "Basi kitabu chako kitakuwa salama."

Nimeamua hivi: nitanyamaza hadi nisajiliwe, kisha nitasema. Muuguzi aliyesajiliwa husikilizwa, mwanafunzi hufukuzwa tu. Niambie kwamba huo ni uamuzi wa busara. Niambie hilo moja tu.

Loveness, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, ameomba kuhamia chumba cha wenzake. Anasema nimekuwa mtu wa kuitikia tu, siongei. Juu ya kitanda chake sasa naweka ndoo.

Mwanao,
Mbuke


Chuoni, Shinyanga
20 Aprili 2025, Pasaka

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni wiki ya saba bila jibu. Niliuliza ofisi ya mabasi, wakasema hakuna bahasha kutoka kwako. Nimempigia jirani yako, Mama Boaz, akasema mlango wako umefungwa kwa kufuli na hukumuaga. Kama unaumwa, nitumie ujumbe kupitia mtu yeyote. Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi.

Bwenini tumebaki wanne. Leo nimepika wali wa mtu mmoja, nao ukabaki.

Mwanao,
Mbuke


Buseresere
4 Mei 2025

Mwanangu Mbuke,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Sikuumwa. Nilikaa na barua yako wiki kadhaa, kisha nikasafiri, na niliporudi nililala siku tano kwa ajili ya magoti. Mama Boaz simuagi kwa sababu hunisindikiza kwa maswali.

Nilikwenda Nyarugusu. Nilipanda gari hadi Katoro, kisha pikipiki. Nina miaka sabini na miwili, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa juu ya pikipiki. Dereva alikuwa akinigeukia na kuzungumza njia nzima. Sikusikia kitu, huenda alinitukana.

Nyumba ya wazazi wa Generosa haikuwa ngumu kuipata. Nilimwuliza mwanamke mmoja anayetwanga mawe ya dhahabu, akaninong'oneza sikio la kushoto, nikamwomba arudie upande wa kulia kwa sauti. Akapiga kelele, "Kwa yule aliyeua mtoto?" Nikajibu kwamba ndiko.

Niliwakuta wawili, mama na binti, wakichambua maharage kwenye ungo mmoja bila kutazamana. Nilijitambulisha kuwa ni mkunga mstaafu, shangazi wa mwanafunzi aliyekuwa zamu siku ile. Generosa aliacha kuchambua. Mama yake alisema, "Hata kama umekuja kutusema, tumeshasemwa. Dawa niliichemsha mimi. Mkono wenyewe ni huu."

Generosa akasema, "Mama, nilikwambia sikuinywa. Niliimwaga."

"Ananifariji tu," mama yake akaniambia. "Karatasi ya hospitali imesema moyo ulikuwa mzima mpaka mwisho. Na pale mapokezi alikiri mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni yake."

"Wewe ukiwa umesimama pale ningesemaje? Ulikuwa umetembea nayo kutoka huku mpaka Bugarama!"

Mbuke, nimewafokea wanawake kuhusu dawa hizo miaka thelathini na moja. Nilichowafundisha ni kudanganya: wanaokunywa husema hawakunywa, na sasa nimekutana na asiyekunywa aliyesema amekunywa. Lakini kazi yangu naijua. Sikumwuliza tena kama alikunywa. Nilimwuliza, "Ladha yake ikoje?"

Alifikiri. Kisha akasema, "Chungu. Chungu sana, kama dawa zote."

Mama yake aliacha ungo ukamwagika. Dawa ile, mwanangu, si chungu hata kidogo. Huteleza kama mlenda na kuacha utamu kooni. Aliyeionja mara moja hasahau, na mama huyu aliionja akiichemsha. Alimgeukia binti yake. Halafu akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia vizuri, "Ng'wana wane, mwanangu, kumbe kweli hukunywa!"

Kwa kuwa mimi ni kiziwi, yote haya yalisemwa kwa kelele. Tulipomaliza, majirani walikuwa wamejaa uani, na yule wa kutwanga mawe alikuwa mbele yao. Sikuwaondoa.

Nilikaa siku tatu. Usiniulize tulizungumza nini, tuliokota maharage. Generosa aliniuliza swali moja tu siku ya kuondoka: "Yule dada aliyesema nakuja, alikuwa na kazi kweli, au alinidharau?" Nilimjibu kwamba ulikuwa na kazi. Kuhusu zile nukta sikumwambia. Si zangu.

Nyarugusu sasa wanaamini. Bugarama hawataamini kwa maneno ya kizee kiziwi, maana kule kuna karatasi, na ladha haipigwi muhuri.

Umeniomba nikuambie kwamba kunyamaza ni busara. Sitakuambia. Wala sitakuamuru useme. Ukisema kwa kuniogopa mimi, kesho utanyamaza kwa kumwogopa mwingine. Nimekuandikia nilichokiona. Jogoo uliyemla si wako wala wa Sista Rhoda.

Umesema ulitaka nikujibu kama mtoto. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Sikuzaa, na mengi ya akina mama niliyajifunza wodini, mahali ambapo mtu hasemi "mwanangu" kabla hajaosha mikono. Huo ni upungufu wangu. Chumba chako nimekifagia.

Shangazi yako,
Euphrasia


Chuoni, Shinyanga
14 Julai 2025

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa tena, ila safari hii ni kwa sababu nilitaka kwanza nifanye, ndipo niandike. Natumaini magoti yamesahau pikipiki. Mimi ni mzima, na ninalala.

Nilianza na Sista Rhoda, maana nisingependa asikie kwa watu. Nilimkuta anakunja mashuka. Nikamwambia nitaandika maelezo kuhusu tarehe 14 Novemba na kwamba jina lake litakuwemo, lake na langu. Aliendelea kukunja. Kisha akasema, "Mimi nina watoto watatu wanaonitegemea, Mbuke. Wewe una nani?"

Nikasema, "Nina shangazi."

"Huyo shangazi atakulisha?"

Nilimsaidia kukunja yaliyobaki.

Maelezo niliyapeleka kwa mganga mfawidhi wa kituo, na nakala kwa mkuu wa chuo. Niliandika "nilijaza". Jalada la Generosa lilitolewa mbele ya watu watatu. Niliruhusiwa kusahihisha kama tulivyofundishwa: mstari mmoja juu ya kila nukta, ili iliyofutwa iendelee kuonekana, na pembeni neno "Sikusikiliza", tarehe na saini. Nilifanya hivyo mara sita.

Nilipotoka pale nilikwenda kwa wakwe zake na nakala yenye muhuri. Mama mkwe aliishika juu chini, hajui kusoma. Aliuliza, "Na jogoo wangu?" Nilimwambia nitamlipa. Akasema, "Sidai kuku. Nauliza mlimlaje." Akaingia ndani.

Januari alikuwa anajiandaa kushuka kwenye duara, shimo la machimbo, tochi imefungwa kichwani. Niliisoma karatasi yote mbele yake na wenzake. Akaniuliza, "Sasa umekuja nikusamehe, au umekuja nimfuate mke wangu? Sema kimoja."

Nikasema, "Mke wako."

Alishika kamba akashuka, nami nilikaa pale juu hadi mwanga wa tochi yake ulipopotea. Mwenzake mmoja aliniambia, "Nenda dada. Huyu akiwa na jambo huwa anachimba kwanza." Sijui ameamua nini. Generosa nimemwandikia barua yake peke yake. Nimemweleza kuhusu nukta, na nimemjibu swali lile mwenyewe. Nimeituma kwa jina la mama yake. Sitarajii jibu.

Kitabu changu cha mazoezi kilirudi wiki iliyopita kwa mkono wa mtu. Sista Rhoda ametia saini kila kazi niliyoifanya kweli, na ya siku ile ameiacha wazi. Hapakuwa na ujumbe.

Leo wenzangu wameanza mtihani wa mwisho. Mimi nimezuiwa hadi kamati ya nidhamu ya chuo itakapoamua: nifanye mtihani na kundi la nyongeza, nirudie mwaka, au niondoke. Ninakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya ukumbi. Madirisha yako wazi, naiona migongo yao. Loveness amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Alipokuwa akiingia aliniwekea mkono begani, kisha akakumbuka kwamba anachelewa. Kiti chenye namba yangu hakina mtu, na msimamizi ameweka juu yake furushi la karatasi za kuandikia.

Upepo ni mkali. Saa nimeivua kifuani, nimeibana kwenye ukingo wa ukurasa huu usipeperuke. Inasema saa nne na dakika kumi.

Kamati inakaa Jumatano. Wakishaamua, liwe lolote, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Kama ni kurudi nyumbani, barua na mimi huenda tukapanda basi moja. Usimwambie Mama Boaz.

Mwanao,
Mbuke