Mbwa Hutampata, Baba Neema

Baba Neema,

Salamu nimezitafuta nikazikosa, kwa hiyo naanza na jibu. Jumapili ulipiga simu kutoka Dar ukasema umemaliza kujenga, ua ni mkubwa, na sasa unataka Waziri aletwe kwa ndege kwa sababu ni mbwa wako, ulimnunua wewe. Hutampata. Ningeishia hapo, lakini uliongeza kwamba mbwa yule alizaliwa na akili zake, mimi nilikuwa namtembeza tu. Hilo limenikera mpaka nimezima jiko nikae nikuandikie.

Unakumbuka ulivyomleta? Ilikuwa 2009, mwaka wetu wa kwanza Brussels, kwenye ile nyumba ya kupanga ya Uccle. Ulimficha ndani ya koti, mweusi tii, masikio makubwa kuliko kichwa. Neema akapiga yowe mpaka jirani akafungua dirisha. Ukasema, "Anaitwa Waziri. Mabosi wote kazini wana labrado." Siku ile nilikupenda, sikufichi. Wiki chache baadaye ulishamsahau kama ulivyoisahau baiskeli yako ya mazoezi, na kumsafishia kinyesi kukawa kazi yangu.

Akatafuna miguu ya kochi. Akatafuna viatu vya jirani. Mwenye nyumba akaja juu, na daktari wa mifugo akanielekeza klabu moja kule Ganshoren, upande wa pili kabisa wa jiji, ambako mbwa hufundishwa kuruka viunzi, kupita ndani ya handaki la turubai na kusikia anachoambiwa. Nilikueleza mbele ya wageni wako, ukacheka. "Kwetu mbwa hafundishwi kuruka. Mtupie jiwe uone." Nao wakacheka, nami nikaendelea kuwapakulia pilau nimefura kama andazi.

Nilikwenda. Tramu, halafu basi, Waziri amebanwa katikati ya magoti yangu. Hukuwahi kuniuliza kwa nini nilikwenda mbali hivyo. Kule nyumbani Moshi nilikuwa mwalimu, watoto arobaini walinyamaza nikiinua kidole. Uccle nilikuwa mke wa mtu, Kifaransa changu ni bonjour na merci, na kutwa nzima sikuwa na wa kuongea naye ila jokofu. Nilitaka tena kumfundisha mtu kitu, hata kama mtu mwenyewe ana mkia.

Mwalimu wa pale, Madame Josiane, alikuwa na sauti ya kupasua kuni na hakujua neno la Kiingereza. Aliyeniokoa ni Maman Zawadi, Mkongo wa Bukavu. Alikuwa anamhudumia mzee mmoja mgonjwa jirani na uwanja, na ndiye aliyekuwa akimleta mbwa wa mzee mazoezini. Siku ya kwanza Waziri alinivuta nikalala kwenye tope chali. Madame akabwata, Maman Zawadi akatafsiri: "Anasema mbwa iko muzuri, ni weye unaogopa. Bon, simama, ma chère. Na unamuambia na Kifaransa ya nini? Ule mutoto ni wa Kiswahili."

Basi nikamfundisha kwa Kiswahili. Kaa. Njoo. Lete. Mfukoni vipande vya soseji, maana mkono mtupu haulambwi, na kwa mbwa methali hiyo si mafumbo. Alipopita handaki lote bila kugeuka, nililia, Baba Neema. Nilirudi nyumbani nina hamu ya kukusimulia, ukaniambia nisikanyage zulia.

Mwaka uliofuata Madame akatuhamishia kwenye mafunzo ya mbwa wa wawindaji. Hawaui kitu pale. Hurushwa kifuko cha turubai badala ya ndege, na mbwa lazima akae ametulia, kifuko kinapita machoni pake, mpaka aruhusiwe kukifuata. Hapo ndipo palipokuwa na mtego wetu. Neno la kumruhusu sikulichagua mimi, alilichagua Waziri. Mimi kama Mtanzania yeyote husema "haya" kabla ya kila jambo: haya twende, haya kula, haya lete. Mbwa akakata shauri kwamba "haya" maana yake ni ruksa. Maman Zawadi alinitania, "Donc, we unasema haya kwa kila kitu! Mutu akikusikia atawaza ni jina ya mbwa."

Kisha ukaja siku ya mtihani, mara yako ya pekee, kwa sababu Neema alikuomba hadi akalia. Ulisimama kando ya kamba na suruali yako nyeupe, simu sikioni, unaongea na mtu wa Dar. Waziri amekaa. Kifuko kimerushwa, hakutikisika. Jaji anatikisa kichwa kwa kuridhika, mimi nimebana pumzi. Na wewe ukaanza kuaga simuni, vile tunavyoaga sisi: "Haya. Haya bwana. Haya, haya, salimia nyumbani. Haya."

Alichomoka kama ameitwa na Mungu. Akaokota kifuko, akakuletea wewe mwenye ruksa, akakaa mbele yako na tope lake lote, anakutazama kwa heshima ambayo hukustahili. Ukampiga teke la ubavu. Maman Zawadi peke yake ndiye aliyepata sauti: "Eh, papa! Mutoto amekutii, unamupiga?" Kwenye gari ukaniambia nimekudhalilisha, mke wa mtu mzima kurukaruka na mbwa mbele ya wazungu.

Wiki ile Maman Zawadi alinishauri nibadilishe neno, nitumie la Kifaransa. Nilikataa. Neno halikuwa na kosa, na uwanjani hukualikwa tena.

Akufukuzaye hakwambii toka. Wewe hata kufukuza hukufukuza, ulisema umehamishwa kikazi kurudi Dar, utatangulia, sisi tutafuata. Tukasubiri mpaka nikasikia kwa watu kwamba kuna bibi harusi. Nilikuchukia, na bado nakuchukia, vizuri tu, bila kukosa usingizi. Waziri alirudia mtihani akafaulu. Siku hizi Madame ana goti bovu, Jumamosi wanaoanza nawafundisha mimi, kwa Kifaransa changu kilichovunjika, na wananyamaza nikiinua kidole. Hayo ndiyo uliyoyaita kutembeza mbwa.

Sasa nikuambie usiyoyaona ya Jumapili. Aliyeniletea simu ni Neema. Akakaa pembeni yangu kusubiri zamu yake. Ana miaka kumi na mitatu, na bado akisikia sauti yako anaweka nywele zake sawa kana kwamba unamwona. Ukauliza Waziri ana uzito gani. Ukauliza anakula nini, chanjo zimekamilika, nani anauza yale masanduku ya ndege. Nilikujibu yote kwa adabu kwa sababu mtoto alikuwa anasikiliza. Kisha ukasema una kikao, ukakata.

Alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea simu.

"Mtandao?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Mtandao."

Uwongo huo nimekusemea mara ya mwisho. Ukipiga tena, usinitafute mimi, na mbwa usimtaje.

Mama yake Neema