Sitini Yangu na Sitini Yako

Kwako pacha wangu,

Mimi mzima, na cherehani yangu nzima. Gauni la mchumba wako limekwisha. Binti ana kiuno cha nyigu na adabu pia: siku ya kumpima aliniita mama mkwe, nusura nimeze pini nilizobana mdomoni. Sikumsahihisha, nilitaka nikusikie wewe kwanza.

Jana nimekusikia. Mwanao kaja dukani kwangu, mkono kaunyoosha: "Shangazi, baba anasema mtu akifika sitini ni mzee. Ukapumzike, nipe funguo."

Kumbe! Sitini yangu ni ya kukalia mkeka, yako ni ya kupaka nywele piko na kuoa. Tumbo lile lilikuwa moja, bwana, au mwenzangu ulizaliwa juzi?

Mwanao kaondoka na gauni. Funguo ninazo kiunoni, hazijazeeka.

Jumamosi nitakuja harusini, mvi zangu nje bila kitambaa. Wakwe zako wakiuliza bikizee huyu ni nani, nitawajibu kwa sauti: pacha wa bwana harusi.

Ni mimi, wa umri wako.