Wazee Wasio na Mtu

Kaka,

Sisi huku wazima, ukiondoa magoti ya Mama. Mvua zimenyesha vizuri, na lile dirisha la jikoni hatimaye nimelitia kioo.

Shirika letu limefilisika, nadhani ulisikia. Wakubwa waliondoka na magari, wakatuachia kituo na wazee arobaini, Mama akiwa mmoja wao. Wiki iliyopita likaja shirika jingine kutupokea. Wamebandika namba kwenye vitanda, viti, hata ile ndoo ninayomwogeshea Mama. Bosi mpya ni mpole, kila akifungua mdomo ni "poleni". Sisi wafanyakazi tunabaki. Wazee nao wanabaki, ila wasio na watoto tu. Wenye watoto warudi kwao.

Sasa nimrudishe Mama nyumbani ashinde na nani? Mimi kutwa niko kituoni naogesha mama za watu. Nilikuandikia mara tatu, ukanijibu kwa picha ya sebule yako mpya.

Jana karani wao alifika kitandani kwa Mama na fomu. "Dada, huyu bibi ana watoto?"

Mama akanitazama. Nikasema, "Hana."

Mama hakubisha. Alinyoosha mkono mwenyewe, akatia dole gumba.

Kwa hiyo siku hizi namwita Bibi, kama wenzangu wanavyomwita. Mimi ulimi bado unanikwama. Wewe najua haitakusumbua, ulishazoea zamani.

Aliyekuwa mdogo wako.