Wananijua kwa Kisogo

Mpendwa mshauri,

Atukuzwe Mungu Baba, aliyetuamsha salama sisi watu wa Bunia, na neema yake iwe juu yako na juu ya wote wanaosikiliza redio saa hii. Naomba msaada wako, Mama Clémence, na ninauomba kwa unyenyekevu, ingawa katika jambo hili mimi ndiye niliyeonewa.

Mimi ni mzee wa siku nyingi katika imani, naishi mtaa wa Nyakasanza na mke wangu Honorine, na tangu hawa vijana wa kwaya hawajazaliwa mimi ndiye ninayegonga ile jante ya lori, chuma cha gurudumu, iliyotundikwa mbele ya kanisa letu kuwaita watu kwenye maombi ya asubuhi, tena sikosi ibada ya Jumapili, wala maombi ya katikati ya juma, wala mkesha, wala mazishi ya mtu nisiyemfahamu, hata mvua ikinyesha na barabara ikawa tope tupu benchi la mbele nipo, na kwa sababu hiyo mchungaji alitangaza kwamba siku ya Pentekoste nitawekewa mikono niwe mzee wa kanisa, nami nikashonesha suti ya rangi ya majivu, ambayo mpaka leo inaning'inia msumarini.

Lakini unaijua desturi yetu. Kabla ya kumwekea mtu mikono, kanisa hutuma wajumbe nyumbani kwake bila kumwarifu, wamwulize jirani na mke jinsi anavyoishi, kwa kuwa mtume aliagiza kwamba mzee awe na sifa njema hata kwa watu wa nje. Wajumbe wakaja, wakiongozwa na Shemasi Delphin, wasinikute, maana nilikuwa kanisani. Haya ninayokuandikia nilisimuliwa na shemasi mwenyewe, naye alikuwa akijikaza asicheke.

Walianza kwa jirani yetu Mama Kavira, mjane aliyekimbia vita upande wa Beni na sasa anauza maharagwe, yule ambaye upepo ulimng'olea bati la nyumba, na mimi, Mungu ni shahidi, sikumwacha, niliombea bati lake kwa sauti kuu mpaka kanisa lote likaitikia Amina, na kama bati halijapatikana sidhani kwamba kosa ni langu, kwa maana hata mabati yangu mwenyewe yaliyosalia nilipojenga jiko bado yameegemea ukuta, nangoja Bwana anionyeshe matumizi yake. Basi mama huyo, alipoulizwa kama ananifahamu, alijibu hivi: "Muzee huyu? Siye tunamujua kisogo. Kila siku tunaona kisogo kinaenda kanisa. Sura yake, mukiikuta kule, mutusalimie."

Wakamgeukia Honorine, ambaye nilimtazamia anitetee, wakamwuliza kama ninasali nyumbani. Akasema: "Anasalaka sana. Chumvi ikikosa mu sombe, haniambie mimi, anaambia Mungu, na mimi niko pale pale nimefunga macho. Nasema Amina, naenda kuongeza chumvi."

Wajumbe wakaahirisha kuwekewa kwangu mikono, na hawakutaja hadi lini. Sasa mwisho wa avenue yetu kumeanzishwa kanisa jipya, lenye hema na ngoma nyingi, na mchungaji wake ameniahidi kwamba nikihamia kwao ataniwekea mikono Jumapili hiyohiyo, kwa sababu wao hawana desturi ya kuuliza majirani. Nilipomwambia mke wangu, hakubisha. Alikuwa akichambua maharagwe, akasema bila kuinua kichwa: "Weye enda, baba. Na mimi nitazoea kukujua kisogo." Neno hilo, mshauri, limeniingia kuliko la Mama Kavira, na tangu hapo chakula hakinipiti vizuri, hata kikiwa na chumvi.

Nihame, au nibaki na aibu?

Ndimi Mzee Josaphat.

*

Kwako Mzee Josaphat,

Amani ya Bwana iwe kwako. Nimeisoma barua yako polepole, na nilipofika penye sombe ilinibidi nisimame, utulivu unirudie.

Nakuhurumia, baba. Kusemwa na mke mbele ya mashemasi kunauma, na bidii yako si ya kudharauliwa, kwa maana wako walioamshwa na jante yako wakapiga magoti, nao hawatasahau. Lakini jante yenyewe nayo haijakosa ibada. Inaita watu kwa Mungu kila asubuhi, na bado ni chuma.

Wewe ni mwenyeji wa Ituri, mhogo unaujua. Kuna shina linalopendeza majani mpaka wapita njia wanalisifu, wanayachuma ya kupikia sombe na kwenda zao; ukilichimbua unakuta mizizi kama vidole vya mtoto. Wajumbe hawakuja kuhesabu majani, walikuja na jembe. Walichokikuta chini umekiandika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na bado unaniuliza nani amekuonea.

Unangoja Bwana akuonyeshe matumizi ya yale mabati? Alikwisha kukuonyesha, baba, siku upepo ulipopita. Kanisa lote liliitikia Amina, na jibu la maombi lilikuwa limeegemea ukuta wako.

Kwa hiyo sikiliza. Usihame. Kanisa lisilouliza majirani litakupa cheo upesi, lakini lupango, kiwanja chako cha nyumbani, kitabaki palepale, na Mama Kavira atabaki ng'ambo ya ua, na Honorine atabaki mezani. Jumatano hii mpe mtu mwingine nyundo ya jante. Wewe chukua bati, misumari na ngazi, uende kwa jirani yako asubuhi, umpigie hodi na umwulize habari za usiku. Kama magoti yako hayapandi tena, shika ngazi, apande kijana. Usilitaje jambo hilo katika ushuhuda wa Jumapili. Nakujua, ulimi utakuwasha; uung'ate.

Na chumvi ikikosekana, mwambie aliyepika, kwa upole, ukimtazama. Mungu hakupika sombe ile. Kisha mwombe Honorine msamaha kabla hamjafumba macho kusali, si baada ya kufumba.

Suti iache msumarini, haina haraka. Wajumbe wakirudi au wasiporudi, wewe utakuwa umepata kitu ambacho mikono ya wachungaji haiwezi kumwekea mtu.

Mungu aliyeyaumba macho na ayaangazie yako, mzee wangu. Aibariki nyumba yako na chungu chake, amfariji mjane wa ng'ambo ya ua, na siku atakapouelekeza uso wake kwako, akukute nawe umeuelekeza wako kwao. Amina.

Mama Clémence